Kugawa diski ya kompyuta: soma hapa kabla hujampa fundi laptopu akupigie Windows

#1 Fundi wa Makole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hapa Dodoma watu wanapiga Windows upya (yaani wanaiweka upya kwenye kompyuta) kila kona. Wanafunzi wa UDOM na wa Chuo cha Mipango, watumishi wa mji wa serikali wa Mtumba wenye laptopu zao binafsi, wenye steshenari za mjini, wote wanataka Windows 11. Na kilio ninachokisikia ni kilekile: "Fundi amenipigia Windows, kazi zangu zote zimeondoka." Unamuuliza, diski yako ilikuwa imegawanywa? Anakujibu ndiyo, nilikuwa na C (inamokaa Windows) na D (ya kuwekea kazi). Unafungua D, haina kitu. Tasnifu, picha za msiba wa mama yake, risiti za kiwanja, vyote alikuwa anaviweka desktopu.

Inaniuma sana, maana ni jambo linalozuilika. Nimeamua niandike yote ninayoyajua kuhusu kugawa diski, mwenye swali aulize hapa hapa.

Diski ndani ya laptopu nyingi ni kifaa kimoja tu. Ukiona C na D usidhani ni vitu viwili. Kinachozitenganisha ni jedwali dogo lililoandikwa kwenye diski yenyewe, linalosema patisheni hii (yaani kipande hiki cha diski) inaanzia hapa na inaishia pale. Wakazi wa Dodoma habari za viwanja mnazijua: shamba likipimwa, ardhi haikatwi, zinawekwa bikoni na kuchorwa ramani. Jedwali la patisheni ndiyo hiyo ramani. Ndiyo maana kufuta patisheni ya GB 300 kunachukua sekunde moja. Kilichofutwa ni mstari wa kwenye ramani. Kwa kawaida faili bado zimelala pale pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Majedwali yapo ya aina mbili. MBR ni ya tangu 1983, enzi za PC DOS 2.0. Inaruhusu patisheni kuu nne tu na kwa diski za kawaida haivuki TB 2 na kidogo. GPT ndiyo ya sasa. Windows inakubali hadi patisheni 128 ndani yake, na jedwali lina nakala ya pili mwishoni mwa diski, ya mwanzoni ikiharibika ipo ya kurejeshea. Windows 11 inahitaji UEFI (mfumo wa kisasa wa kuwashia kompyuta), na UEFI huenda na GPT. Kama hujui ya kwako ni ipi, bofya kulia kwenye kitufe cha Start, chagua "Disk Management", bofya kulia palipoandikwa "Disk 0", ingia "Properties", kisha "Volumes". Utaiona.

Humo humo utakuta vipatisheni vidogo usivyovijua. Kimoja cha MB 100 hivi kimeandikwa EFI, hicho ndicho kinachowasha kompyuta. Kingine kimeandikwa "Recovery", kina zana za kuikarabati Windows. Msivifute kwa sababu mmeviona vinakula nafasi. Ukifuta cha EFI, laptopu haitawaka.

Sasa hapa ndipo ninapoomba mnisikilize. D inakulinda na jambo moja: Windows ikiharibika, fundi anafuta C peke yake, anapiga upya, D haiguswi. Basi. Diski ikifa, C na D zinakufa siku moja. Laptopu ikiibwa kwenye basi, zimeibwa zote. Kirusi cha kufunga faili na kudai pesa kikiingia, hakiulizi hii ni C au D. Mtu akikwambia "nina bakapu, ipo D", mwambie hana bakapu. Bakapu iko kwenye eksteno (diski ya nje ya kuchomeka) iliyo kabatini au kwenye akaunti ya mtandaoni.

Na D inakulinda ikiwa tu kazi ziko D. Desktopu, "Documents", "Downloads" na "Pictures" zote kwa kawaida ziko C, ndani ya folda ya "Users". Dawa yake ni hii: tengeneza folda D, tuseme D:\Kazi. Kisha bofya kulia "Documents", ingia "Properties", kichupo cha "Location", bonyeza "Move", elekeza kwenye folda uliyotengeneza ndani ya D:\Kazi. Itakuuliza kama ihamishe na vilivyomo, kubali. Fanya hivyo na kwa desktopu, ila kila moja ipe folda yake, usizielekeze zote sehemu moja zitavurugana. Ukimaliza, unaendelea kuhifadhi vitu desktopu kama ulivyozoea, lakini vinakaa D.

Kuhusu ukubwa, huu ni mtazamo wangu. Diski ya GB 256 usiigawe, itakubana. Weka C yote, nunua eksteno. Ya GB 500, C ipe 200, zilizobaki D. Ya TB 1, C ipe 250 au 300. Wapo watakaosema Windows 11 inahitaji GB 64 tu. Hicho ni kiwango cha chini cha kuiweka, siyo cha kuishi nayo. Masasisho yanaongezeka, programu zinaongezeka, mwaka haujaisha C imekuwa nyekundu.

Kitu kimoja sijaona watu wakikisema: usigawe nusu kwa nusu. Wakati wa kupiga Windows, ile orodha ya patisheni haikuonyeshi herufi za C na D, inakuonyesha namba na ukubwa. Patisheni mbili za GB 232 kila moja zinafanana, na fundi mwenye haraka anafuta isiyo yenyewe. Fanya moja 200 nyingine 265, na D uipe jina, mfano KAZI, ili lionekane kwenye orodha.

(Msishangae GB 500 kuonekana 465. Mtengenezaji anahesabu kwa 1000, Windows inahesabu kwa 1024. Hujaibiwa.)

Kugawa bila kupiga upya: chomeka chaja kwanza. Ndani ya "Disk Management" bofya kulia C, chagua "Shrink Volume". Andika kiasi cha KUPUNGUZA, siyo cha kubaki, na ni kwa MB. Ukitaka D ya GB 200 andika 204800. Itatokea sehemu nyeusi "Unallocated". Ibofye kulia, "New Simple Volume", fuata maelekezo, chagua NTFS, ipe jina. Na kabla ya yote hayo, nakili vitu vya maana nje ya hiyo diski. Najua ni uchovu. Nakili.

Karibuni kwa maswali.

#2 KijanaCIVE

Mkuu shukrani sana, uzi umekuja wakati wake. Mimi laptopu ina TB 1 na imetumika chini ya GB 120, lakini "Shrink" inaniambia naweza kupunguza kama GB 460 tu. Zingine zimeenda wapi?

#3 Fundi wa Makole

Hazijaenda popote, mdogo wangu. Windows inaweza kupunguza mpaka inapokutana na faili isiyohamishika. Zipo faili ambazo haziwezi kusogezwa mfumo ukiwa unafanya kazi: ile ya kulaza kompyuta (hiberfil), ile ya kusaidia RAM (pagefile), na kumbukumbu za "System Restore". Moja ikiwa imekaa katikati ya diski, basi hapo ndipo mwisho.

Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika powercfg /h off. Zima "System Restore" kwa C. Zima na pagefile kwa muda, halafu washa upya kompyuta. Jaribu tena, mara nyingi inafunguka. Ukishapunguza, rudisha pagefile na "System Restore". Usiziache zimezimwa.

Tena, ndugu yangu, kwa TB 1 hiyo 460 uliyopewa inatosha kabisa kuwa D. Kama huna sababu ya kutaka zaidi, ichukue hivyo hivyo.

#4 Babu Ipagala

Vijana, nimekuwa kwenye kompyuta tangu enzi za disketi. Kugawa diski kulikuwa na maana zamani. Leo mtu aweke folda moja, ainakili kwenye eksteno kila Ijumaa, amemaliza. Ukigawa, utakuja kujuta C inajaa na D ina nafasi haina kazi. Hilo nimeliona ofisini miaka mingi.

#5 Fundi wa Makole

Shikamoo mzee wangu.

Hoja yako ina uzito na sitaipinga yote. Kwa mwenye nidhamu ya eksteno kila wiki, patisheni moja inamtosha. Na kwa SSD (diski za kisasa zisizozunguka) kugawa hakuongezi kasi hata kidogo. Kwenye zile diski za kuzunguka, sehemu ya mwanzo ndiyo ya haraka zaidi, kwa hiyo C ya mwanzoni ilikuwa na maana. Kwenye SSD hakuna kitu kama hicho.

Lakini mzee, watu ninaowaona hawana eksteno. Wana laptopu moja ya mtumba na flashi ya GB 8. Siku Windows ikigoma kuwaka, wanaipeleka kwa fundi wa kwanza wanayemkuta, na fundi naye ana foleni. Kwa mtu huyo D yenye kazi zake ndani ndiyo inayomwokoa. Ndiyo maana naitetea.

#6 Babu Ipagala

Marahaba. Hapo nimekuelewa. Basi wasisitizie kuwapa C ya kutosha tangu mwanzo.

#7 Dada wa Kondoa

Fundi, hayo aliyosema mzee ndiyo yaliyonikuta. C yangu ni GB 80, imebaki na GB 3, nyekundu kabisa. D ni GB 385 na imetumika kama 90. Nimepunguza D nikapata GB 100 "Unallocated", lakini nikibofya C ile "Extend Volume" imefifia, haibofyeki. Nimeangalia video hadi bando limeisha. Nisaidie kaka yangu.

#8 Fundi wa Makole

Dada, pole, na umeeleza vizuri kabisa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili ndilo swali linalowakwamisha wengi.

Tazama mchoro wa chini kwenye "Disk Management". Upo hivi, kutoka kushoto: EFI, C, D, kisha ile nyeusi ya GB 100. Umeona nyeusi ilipo? Iko baada ya D. Windows inaweza kuiongeza C ikiwa tu nafasi tupu imeigusa C upande wake wa kulia. Wewe kati ya C na nafasi tupu kuna D imekaa. "Shrink" inakata mwishoni mwa patisheni siku zote, haikati mwanzoni. Kwa hiyo hata ungepunguza GB 200, "Extend Volume" ingebaki imefifia.

Njia zipo mbili.

Ya kwanza ndiyo ninayokushauri. Tafuta eksteno, hata ya kuazima. Nakili vitu vyote vya D, vile GB 90. Ukimaliza kunakili, fungua faili kadhaa kutoka kwenye eksteno yenyewe, Word mbili tatu, picha, video moja, uhakikishe zinafunguka. Ndipo ufute D ("Delete Volume"). Sasa nafasi yote imeungana na imeigusa C. Bofya C, "Extend Volume", iongeze GB 120, yaani andika 122880. Kilichobaki tengeneza D mpya, rudisha vitu vyako. Kwa kawaida itachukua herufi ile ile ya D, lakini kagua kabla hujarudisha. Ukikuta kuna programu ulizisakinisha D, hizo utazisakinisha upya.

Njia ya pili ni GParted. Ni programu ya bure ya Linux (mfumo mwingine wa kompyuta, siyo Windows), unaiweka kwenye flashi na kuiwashia kompyuta. Yenyewe inaweza kuisogeza D nzima kwenda kulia bila kuifuta. Tatizo ni kwamba kusogeza maana yake ni kunakili upya kila kilichomo, kutoka sehemu moja ya diski kwenda nyingine. Kwenye diski ya kuzunguka ni masaa. Umeme ukikatika katikati na betri ni ile inayokaa dakika kumi, D inabaki nusu huku nusu kule, na kuiokoa hapo ni kazi kubwa. Ukichagua njia hii bado unatakiwa uwe na nakala pembeni. Na kama nakala unayo, njia ya kwanza ni ya haraka zaidi.

Usibofye "Convert to Dynamic Disk" popote utakapoliona, hata kama inaonekana kama inakusaidia. Kwenye MBR yenye patisheni nne tayari, ukijaribu kuunda ya tano Windows inaweza kukuletea ujumbe kwamba itaigeuza diski kuwa dainamiki, na watu wanabonyeza "Yes" bila kusoma. Kurudi nyuma kwa zana za Windows zenyewe kunakutaka ufute patisheni zote.

#9 Mwalimu Bahi

Asante fundi. Shule tuna kompyuta za mezani tulizopewa, za zamani, MBR. Nasikia ipo amri ya kuzigeuza kuwa GPT bila kupoteza kitu. Ni kweli? Na umeme wetu huku unajua mwenyewe.

#10 Fundi wa Makole

Ni kweli mwalimu. Inaitwa mbr2gpt, imekuwemo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017. Ina masharti: patisheni kuu zisizidi tatu, na kusiwe na zile za ndani ya "extended" (patisheni inayobeba nyingine ndani yake). Anza na mbr2gpt /validate /allowFullOS, hiyo inakagua tu, haibadilishi kitu. Ikikubali ndipo uweke /convert mahali pa /validate. Baada ya hapo lazima uingie BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) uibadilishe iwashe kwa UEFI, la sivyo haitawaka. Kwa hiyo kwanza kagua kama mashine zenyewe zina UEFI. Kama hazina, usiguse, MBR itakutosha, maana Windows 11 nayo haziwezi.

Kompyuta ya mezani haina betri, mwalimu. Bila UPS (kifaa chenye betri ya akiba umeme ukikatika) usifanye kazi yoyote ya patisheni. Azima hata moja, uihamishe mashine hadi mashine.

#11 Mtumishi D

Mimi nimeshaharibu wakuu. Jana nilitaka kufuta patisheni ya eksteno ya zamani, nimefuta D ya laptopu. Sijafomati. Kuna tumaini?

#12 Fundi wa Makole

Lipo, na ni kubwa, kwa sharti moja: ACHA KUITUMIA hiyo diski sasa hivi. Usiunde patisheni mpya, usifomati, usipakue programu ya kuokoa ukaiweka kwenye laptopu hiyo hiyo. Kama nilivyosema juu, kilichofutika ni mstari wa kwenye jedwali.

Kwenye kompyuta nyingine pakua TestDisk, programu ya kuokoa patisheni zilizofutika, ni ya bure. Iweke kwenye flashi ya kuwashia yenye Linux, au toa diski uichomeke kwenye kompyuta nyingine. Inapekua diski nzima, inatafuta patisheni ilipoanzia na kuishia, ikiipata inakuonyesha. Bonyeza P uone faili zilizomo KABLA ya kuiandika upya kwenye jedwali. Ukiziona, zinakili kwanza nje. Kuandika jedwali ni hatua ya mwisho.

Kwa SSD nawaomba wote mzingatie: ukishafomati, Windows inaiambia SSD kwamba nafasi ile haina kazi tena, na SSD yenyewe inaanza kuisafisha. Baada ya hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Ndugu yangu ana tumaini kwa sababu hakufomati.

Na kama laptopu hiyo ni ya ofisi, usifanye lolote kati ya haya. Ipeleke kitengo cha TEHAMA kama ilivyo, uwaeleze ukweli.

#13 KijanaCIVE

Mkuu, na BitLocker, lile kufuli la diski la Windows? Laptopu ya rafiki yangu ilipigwa Windows, D ipo lakini ina kufuli, inaomba namba ndefu.

#14 Fundi wa Makole

Hilo ni jambo la kuangalia kabla ya kumpa fundi. Laptopu nyingi za Windows 11, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, zinafunga diski zenyewe bila kukuuliza, na D inafungwa pamoja na C. Ukipiga Windows upya D inadai ufunguo wa tarakimu 48. Mwambie aingie kwenye akaunti yake ya Microsoft kwenye mtandao, sehemu ya vifaa, ufunguo mara nyingi uko pale. Aliyetumia akaunti ya baruapepe aliyofunguliwa na muuzaji dukani, akamtafute huyo muuzaji leo leo. Bila ufunguo hakuna njia.

Kwa ambao bado: fungua mipangilio, tafuta "Device encryption" au "BitLocker". Ikiwa imewashwa, andika ufunguo kwenye karatasi kabla hujagusa patisheni, na uisitishe kwa muda wakati wa kugawa.

#15 Dada wa Kondoa

Fundi, nimerudi. Nimeazima eksteno kwa shemeji, nimenakili, nimefungua faili kama ulivyosema, na kweli video mbili zilikuwa hazijamalizika kunakiliwa, nikazirudia. Nimefuta D, "Extend Volume" imewaka. C sasa ni GB 200, ya bluu. D nimeiita KAZI. Vitu vinarudi muda huu.

Swali la mwisho: ile "Documents" niielekeze D kabla au baada ya vitu kurudi?

#16 Fundi wa Makole

Hongera sana dada, nimefurahi. Subiri vitu vyote virudi kwanza, ndipo uielekeze, ili kusiwe na kunakili kuwili kwa wakati mmoja kwenye diski hiyo hiyo. Na eksteno ya shemeji usiifute leo. Kaa nayo wiki nzima ukitumia D mpya, ukiona kila kitu kinafunguka ndipo uirudishe.

#17 Mtumishi D

TestDisk imeiona D nzima. Nimebonyeza P, folda zote zipo. Naanza kunakili.